Mzazi Ana Haki ya Kuomba Mtoto Apimwe

Wako wazazi wengi hapa Pwani ambao, waambiwapo na mwalimu kuwa mtoto wao ni mzito wa kufahamu, huinamisha kichwa wakarudi naye nyumbani. Wengine huona haya wakamweka uani, asionwe na watu. Jambo hili halifai.

Mtoto asiyesikia vyema, asiyeona ubao, au ambaye herufi humchanganya, hana kosa. Ana haja ya kupimwa na wajuzi. Tangu mwaka 1984 serikali ina vituo vya kazi hiyo, vijulikanavyo kama EARC, ambavyo hutafuta penye tatizo na kumshauri mzazi juu ya shule na msaada umfaao mwanawe. Ofisi ya elimu iliyo karibu itawaelekeza. Msingoje shule ianze.

Katiba ya 2010, kifungu cha 53, yampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kifungu cha 54 chawapa wenye ulemavu haki ya kusoma pamoja na wenzao kadiri iwafaavyo. Nacho cha 47 chasema anyimwaye haki yake na uamuzi wa ofisi ya serikali apewe sababu kwa maandishi.

Kwa hiyo ombi lenu liandikwe, litiwe tarehe, na nakala ibaki nyumbani. Matokeo yakitoka, takeni kuelezwa kwa lugha mnayoifahamu.

Mtoto ni amana, na kila muhula upitao bure haurudi.