Kigari cha Mtoto: Kinunuliwe kwa Njia Tupitayo, Si kwa Macho ya Watu



Wapenzi wasomaji wa safu hii, juma hili nimepokea barua ya dada mmoja wa Kisauni, aliyejaaliwa mtoto wake wa kwanza hivi karibuni. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa neema hiyo na tunamwomba amkuze mtoto katika afya na imani. Dada huyu yumo katika mtihani ambao kwa nje waonekana mdogo. Arubaini yake inakaribia, na jamaa wa pande zote mbili wanamuuliza atamtoa mtoto kwa kigari gani. Wifi yake amemwonyesha kimoja dukani, kikubwa, chenye magurudumu mapana na kikapu chini ya kiti. Mwenye duka yu radhi kulipwa kidogo kidogo kwa miezi sita, ila kila mwezi utakaocheleweshwa, deni litaongezeka. Mumewe huendesha tuktuk ya mtu mwingine. Anaandika kwamba akikataa ataonekana bahili kwa mwanawe, na akikubali, kodi ya nyumba itachelewa.

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili, kwa kuwa mimi mwenyewe niliwahi kuingia katika mtego huo. Mtoto wangu wa kwanza nilimnunulia kigari kikubwa kuliko vyote vilivyokuwa dukani. Wakati huo tulikaa Mji wa Kale, orofa ya pili, na ngazi yetu ilikuwa nyembamba kiasi kwamba watu wawili hawakupishana. Kigari kile kilihitaji mtu wa kukibeba mbele na mwingine nyuma. Kabla mtoto hajafikisha miezi mitatu kilikuwa kimewekwa pembeni mwa chumba, kikijaa nguo zinazongoja pasi. Fedha zake zingetosha kodi ya miezi miwili. Mtoto wa tatu alipokuja nilinunua kigari kidogo cha mtumba Kongowea. Hicho kilimlea yeye, kikamlea mtoto wa dada yangu, kisha kikaenda kwa jirani.

Tofauti ya vigari hivyo viwili haikuwa katika bei peke yake. Cha kwanza nilikinunua kwa macho ya watu. Cha pili nilikinunua kwa njia niliyokuwa nikiipita. Kwa hiyo nasaha yangu ya kwanza ni kwamba usianze na duka, anza na njia.

Chagua siku moja uende mwenyewe pale unapokwenda kila mara: kliniki, sokoni, kwa mama yako. Hesabu ngazi. Tazama wapi pana mchanga, wapi pana kokoto, wapi pana mtaro usio na kifuniko. Gurudumu dogo la plastiki ngumu huteleza vizuri juu ya sakafu na lami, lakini katika mchanga wa vitongoji vyetu huzama na kugoma. Gurudumu kubwa hupita mchangani, lakini kigari chake huwa kizito na hakiingii matatu kwa urahisi. Aliye na mlango unaotokea barabara ya lami hana haja sawa na aliye orofa ya tatu. Na ndugu zetu wa Lamu, ambao vichochoro vyao vina vidaraja na punda wenye mizigo, huenda wakaona kwamba mikono na mbeleko ndivyo vinavyowafaa zaidi.

Wala asiwepo wa kuwadharau kwa hilo. Kumbeba mtoto mwilini si dalili ya ufukara wala ya kubaki nyuma. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume wetu (SAW) aliswali hali amembeba mjukuu wake Umama, binti wa Zaynab, akimweka chini anaposujudu na kumbeba tena anaposimama. Basi kigari ni msaada kwa mgongo wa mama, si kipimo cha mapenzi yake.

Nasaha ya pili ni kutazama shingo ya mtoto. Mtoto mchanga hawezi kukishika kichwa chake. Akikalishwa wima katika kigari chepesi, kichwa huanguka mbele, kidevu hugusa kifua, na njia ya pumzi yaweza kubanwa kimya kimya bila hata kulia. Kwa hiyo, mpaka atimize kama miezi sita na aweze kukaa, mtoto ahitaji kigari ambacho mgongo wa kiti chake hushuka hadi akalala bapa au karibu ya bapa. Vile vigari vyepesi vinavyojikunja kama mwavuli, ambavyo aghalabu ndivyo vya bei nafuu, vingi vyao havilali kiasi hicho. Vinawafaa waliokwisha kukaa wenyewe.

Hapa, mwanangu, ndipo penye unafuu wako. Mtoto wako ana wiki chache tu. Ukimbeba kwa mikono na mbeleko hadi afikishe miezi sita, utaweza kununua kigari chepesi cha mwavuli, nawe utakuwa umepata nusu mwaka wa kuweka akiba bila deni la mtu.

Kigari hicho cha mwavuli kina kisa chake. Kilibuniwa na Mwingereza Owen Maclaren mwaka 1965. Alikuwa mhandisi mstaafu aliyewahi kushughulika na magurudumu ya kutulia ya ndege za kivita za Spitfire. Alimwona binti yake akitaabika na kigari kizito cha mjukuu wake, akachukua mabomba ya alumini, akatengeneza kigari chenye uzito usiofika kilo tatu ambacho mtu aweza kukikunja na kukibeba. Babu huyo alitazama safari za binti yake kwanza, ndipo akatengeneza chombo. Nasi tufuate mpango huo huo tunaponunua.

Nasaha ya tatu ni kwa wanaonunua mitumba, na wengi wetu tumo humo. Mtumba si aibu, bali wahitaji macho na mikono. Usikubali kuonyeshwa kigari kikiwa kimesimama tu. Kikunje na kukikunjua mwenyewe mara tatu. Kufuli la kukunjia likilegea mara moja kati ya hizo tatu, kiache hapo hapo, kwani chaweza kujikunja mtoto akiwa ndani. Funga breki, kisha kisukume: gurudumu lisizunguke. Kisukume tena kwa mkono mmoja kikiwa na mzigo, uone kama kinakwenda sawa au kinavuta upande.

Tazama mikanda. Iliyo bora ni ile inayopita mabegani, kiunoni na katikati ya miguu, ikakutana pamoja kwenye bizimu. Bizimu ifunge kwa mlio na isifunguke ukiivuta. Mkanda uliochanika waweza kushonwa na fundi kwa uzi imara, lakini fremu iliyopasuka isiunganishwe kwa kamba wala kwa waya. Gurudumu lililochakaa si neno kubwa, maana mafundi wa baiskeli wa mitaani huweza kupata lingine la kufanana nalo. Kwetu pwani tazama pia kutu. Chumvi ya bahari hula chuma upesi, na kutu huanzia ndani ya maungio, mahali pasipoonekana. Ukikuta alama ya EN 1888, ujue hicho ni kiwango cha Ulaya cha vigari vya watoto. Ni dalili njema, lakini haikuondolei wajibu wa kukagua, kwa sababu alama haizeeki na chombo huzeeka.

Lipo jambo moja la maungio ambalo kila mama alijue. Mwaka 2009 vigari vya Maclaren vipatavyo milioni moja vilivyouzwa Marekani vilirejeshwa kwa marekebisho, baada ya kugundulika kwamba watoto walikuwa wakitia vidole kwenye maungio ya pembeni wakati wa kukunjua, na wengine walikatika ncha za vidole. Kampuni ilitoa vifuniko vya kuziba maungio hayo. Vigari vya zamani vya kila aina bado huzunguka katika masoko ya mitumba duniani, na si vyote vilivyozibwa. Basi kabla ya kukunja au kukunjua, hakikisha mtoto yuko mbali na mikono yake unaiona.

Nasaha ya nne inahusu matumizi, maana kigari kizuri huharibiwa na mazoea mabaya. Siku moja nilitoka Marikiti nikiwa nimetundika kwenye mpini mifuko miwili, mmoja wa viazi na mmoja wa nazi. Nikaona kiatu cha mtoto kimeanguka. Nikauachia mpini ili niinamie kukiokota, na papo hapo kigari kikapinduka kwa nyuma, mtoto juu yake. Alhamdulillahi, alikuwa amefungwa mikanda, akanusurika na kilio tu. Tangu siku ile mzigo wangu ulikaa katika kikapu cha chini, na uliozidi niliubeba kwa mkono. Mpini si mahali pa kutundika kitu.

Jambo jingine ni leso. Akina mama wengi hufunika kigari chote kwa leso, wengine kwa kukimbia jua, wengine kwa kukimbia vijicho. Nia ni njema, lakini leso hiyo huzuia hewa isizunguke, na joto la ndani hupanda upesi kuliko lile la nje. Hata leso nyepesi yaweza kufanya hivyo. Mtoto hana uwezo wa kujifunua, na wewe uliye nyuma humwoni uso. Mwekee kivuli kwa paa la kigari, acha mbele wazi, na panga safari zako za asubuhi mapema au baada ya Alasiri. Ama kijicho, kinga yake ni dua na nyiradi tulizofundishwa, nazo hazimnyimi mtoto hewa.

Na sisi wavaaji wa buibui tujihadhari na magurudumu ya nyuma, kwa kuwa pindo refu hunaswa kwa urahisi. Ukivuka Likoni, funga breki mara tu ukiingia ndani ya feri. Ikifika upande wa pili usikubali kusukumwa na umati kwenye mteremko. Waache wenye haraka wapite kwanza. Na mtoto akilala ndani ya kigari ukiwa umefika nyumbani, mhamishie kitandani pake. Usimwache peke yake amejikunja kitini.

Sasa narudi kwenye fedha, ambayo ndiyo iliyokukosesha usingizi. Mwenyezi Mungu katika Surat Al-Furqan amewasifu waja wake ambao wakitumia hawafanyi israfu wala ubahili, bali huwa katikati. Kukataa kigari usichokimudu si ubahili. Ubahili ni kumnyima mtoto anachokihitaji hali uwezo upo. Mtoto wako ahitaji maziwa yako, paa juu ya kichwa chake, na wazazi wasiogombana kwa sababu ya deni. Na deni hilo la dukani, linaloongezeka kwa kucheleweshwa, ni mlango wa riba. Mwache mumeo amuulize imamu wa msikiti wenu kabla ya kutia sahihi popote.

Kaa naye mumeo kwa utulivu, usiku mtoto akilala. Usimwambie wifi yako kasema hivi, wala usimlinganishe na waume wengine. Mwambie tu njia zako za kila wiki na mahitaji yako, kisha mkubaliane kiasi cha kuweka kila Ijumaa. Ama wifi yako, mshukuru kwa mapenzi yake, na umwambie kwamba anayetaka kumtunza mtoto siku ya arubaini, basi atie chochote katika akiba hiyo. Huenda kigari kikapatikana bila wewe kumuudhi mtu.

Na kabla hujanunua, uliza jirani. Mtoto hutumia kigari miaka miwili au mitatu, kisha hukataa kukaa, akataka kukisukuma yeye. Ni nyumba ngapi za mitaa yetu zina vigari vilivyokunjwa juu ya kabati, vikila vumbi na kutu, na nyumba ya pili mama anakopa? Surat Al-Maun inawalaumu wanaozuia hata vyombo vidogo vya kusaidiana. Wewe msomaji ambaye mwanao amekwisha kuanza madrasa, kishushe hicho chako leo. Kioshe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, kianike, tia mafuta maungio, kaza nati, kisha umpe anayekihitaji kwa azima au kwa sadaka. Aliyekiazima naye akirudishe kikiwa safi kama alivyokipokea, ili mwenyewe asijute kuazima.

Mwanangu wa Kisauni, siku ya arubaini mtoe mwanao mikononi mwako, amevaa vizuri, ananukia udi. Hakuna kigari kinachopita hicho. Twamwomba Mola akufungulie mlango wa riziki ya halali, na akulindie mtoto wako.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam aleikum.