Mvule upimwe kwa kiini, si kwa jina

Mfanyabiashara anayenunua mbao Ndeeba, Kampala, huuliza kwanza: ni mvule? Swali hilo halitoshi. Mchwa hawaogopi jina. Kinachowazuia ni kemikali ambazo mti wenyewe hutengeneza, kama kloroforini, nazo hukaa kwenye kiini, chenye rangi ya manjano hadi kahawia. Sehemu nyeupe ya nje haina kinga hiyo, mchwa huitafuna.

Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Basi Jumuiya isimamie kwamba kila ubao unaovuka Mpondwe au Busia una alama inayotenganisha kiini na weupe. Vinginevyo, mteja wa Nairobi atalipia mvule, na hasara itamrudia mfanyabiashara.