Gati Kwanza, Watalii Baadaye

Siku hizi kila panapofanyika kikao cha kuzungumzia maendeleo ya mwambao wetu wa Ziwa Nyasa, hakosi mtu wa kusimama na kusema kwamba dawa ya umaskini wetu ni meli ya watalii. Husema: tazameni Ulaya ya kaskazini, meli kubwa kama mtaa mzima zinazunguka kutoka mji wa kale hadi mji wa kale, abiria wanashuka, wanapiga picha, wanaacha fedha, wanaondoka. Nasi tunalo ziwa, tunayo milima, tunazo bandari zenye historia. Kinachokosekana ni meli tu. Watu hupiga makofi. Mimi sipigi, na ningependa msomaji ajue sababu.

Sina chuki na watalii, wala sisemi kwamba Lituhi, Liuli na Mbamba Bay hakuna la kutazama. Ugomvi wangu ni na hoja yenyewe, kwa kuwa inaanzia mwishoni. Inatazama nyumba iliyokwisha kupauliwa, ikavutiwa na rangi ya mlango, halafu ikatushauri twende dukani tukanunue rangi.

Mwana wa kaka yangu anafanya kazi Ujerumani. Mwaka mmoja yeye na mkewe walilipia safari ya meli ya namna hiyo, na alipokuja likizo Lituhi alituonyesha picha zake jioni nzima, tumekaa uani. Bergen, Copenhagen, Tallinn, Gdańsk, na Lübeck waliyoitembelea kwa treni kabla ya kupanda meli. Alipofika mwisho akanitazama. "Baba mdogo, wangetuletea meli moja tu ya namna hii, Lituhi ingetoka." Nikamwomba arudishe picha ya Bergen, ile ya nyumba za mbao zilizobanana ukingoni mwa maji. Nikamwuliza watu wa nyumba zile walikuwa wakiuza nini. Akacheka kidogo. "Samaki wakavu, baba mdogo."

Samaki wakavu. Hapo ndipo penye maneno yote, na ndipo wasemaji wetu wa vikaoni wasipopagusa.

Bergen, kwa mapokeo ya Wanorwei wenyewe, ilianzishwa na mfalme wao mnamo mwaka 1070. Kilichoikuza ni samaki wa bahari ya baridi, waliovuliwa mbali kaskazini, wakaanikwa kwenye vichanja vya miti mpaka upepo ukawakausha wakawa wagumu kama ukuni, bila chembe ya chumvi. Samaki wa namna hiyo hukaa miaka bila kuoza. Mashua ziliwaleta Bergen, na wafanyabiashara wa Kijerumani wa ule umoja wa miji ulioitwa Hansa, ambao kuanzia kama mwaka 1360 walikuwa na kituo chao pale, waliwanunua na kulipa nafaka, maana kule mashamba ni haba. Vijana wao waliishi katika nyumba hizo za mbao bila moto wakati wa baridi kali, kwa hofu ya kuunguza mali. Hata hivyo mji uliungua mara nyingi, moto mkubwa mmoja ukiwa wa mwaka 1702, na kila mara walijenga tena, kwa sababu samaki walikuwa wanaendelea kuja. Mwaka 1979 UNESCO ikaziingiza nyumba hizo katika orodha ya urithi wa dunia. Hesabu mwenyewe miaka iliyopita kati ya mfanyabiashara wa kwanza wa samaki na mtalii wa kwanza mwenye kamera. Na samaki hao bado wanauzwa. Wanigeria ni miongoni mwa wateja wao wakubwa.

Sasa nenda ufukweni Lituhi asubuhi, usiku ambao usipa wametoka vizuri. Mchanga wote umegeuka fedha. Akina mama wameinama wanageuza samaki kwa fagio na viganja, watoto wanafukuza kunguru. Likiwaka jua siku mbili tatu, mali ipo. Likiingia wingu, mama anaanza kutazama juu kila baada ya dakika, kwani mvua moja inatosha kugeuza kazi ya usiku mzima kuwa uvundo. Huyu mama na yule Mnorwei wa kale wanafanya kazi moja. Tofauti haiko katika akili wala bidii. Tofauti ni kwamba samaki wa yule alikuwa na kichanja cha kuanikia, ghala la kuhifadhia, gati la kupakilia, chombo kinachokuja kwa majira yanayojulikana, na mnunuzi aliyemngoja upande wa pili.

Lübeck nako ni vilevile. Karibu na lango lao maarufu pana maghala ya matofali yaliyoshikana mabega kando ya mto, na kila mtalii lazima ayapige picha. Ni maghala ya chumvi. Chumvi ilitoka Lüneburg, na mwaka 1398 wakamaliza kuchimba mfereji wa kuifikisha Lübeck kwa majahazi, ipate kwenda kuhifadhi samaki wa pwani ya kusini ya Sweden ya leo. Watu walichimba mfereji kwa jembe na koleo ili samaki wasioze! Kule Gdańsk napo wanaonyesha winchi kubwa ya mbao ya karne ya 15 iliyokuwa ikipandisha mizigo melini. Ndani yake mna magurudumu makubwa, na ndani ya magurudumu walitembea wanaume, hatua baada ya hatua, kama punda wa kinu. Mtalii akiitazama anasema ni nzuri. Naam, ni nzuri, lakini ilijengwa kwa sababu palikuwa na mzigo chini yake.

Katika miaka ninayoikumbuka mimi, Lituhi haikuwa na gati. Meli ilisimama mbali, ikapiga honi, na hapo ndipo bandari yetu ilipoanza: mitumbwi. Kila mwenye mtumbwi alipiga kasia kuiwahi, abiria wamekaa juu ya magunia, mama ana mtoto mgongoni na kuku mkononi. Ukifika ubavuni mwa meli, mtumbwi unapanda na kushuka na mawimbi, mlango wa meli umesimama palepale, nawe unangoja upande ndipo uruke. Kuanzia Mei hadi Agosti, upepo wa kusini unapovuma, kuruka huko kulikuwa kama kamari. Nimeona gunia la usipa likiteleza kati ya mtumbwi na meli. Mwenyewe hakulia. Alilitazama mpaka likazama, akageuka kuuliza kama nauli atarudishiwa. Hakurudishiwa.

Na ratiba? Meli inakuja Jumanne, wanasema. Jumanne watu wanalala ufukweni. Jumatano wanalala ufukweni. Alhamisi wengine wanarudi nyumbani na samaki walioanza kunuka, na usiku huohuo honi inalia. Aliyekuwa na mgonjwa wa kupeleka mbele hakuwa na njia nyingine. Upande wa kaskazini, kuvuka mto Ruhuhu na kuipita Manda, milima ya Livingstone inatumbukia ziwani wima, na kwa vijiji vingi vya huko njia ilikuwa maji tu. Hata Ruhuhu wenyewe, kabla ya daraja, uliuvuka huku unawaza mamba. Mjamzito wa vijiji hivyo aliyepatwa na shida alipakiwa mtumbwini, usiku, kwa upepo wowote uliokuwapo. Wengine walifika hospitali ya misheni Lituhi wakiwa hai. Nitamwelezaje mume wa yule asiyefika kwamba sasa tumepata mpango, tunaleta meli yenye bwawa la kuogelea?

Wataniambia, lakini mwalimu, historia tunayo. Liuli! Kweli, Liuli ina kisa ambacho hata vitabu vya vita vya Wazungu vinakitaja. Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya jiwe kubwa pale bandarini, jiwe la Pomonda, ambalo wao waliliona kama sanamu ya Misri. Hapo walikuwa na meli yao ya vita, Hermann von Wissmann, iliyoundwa Hamburg na kuletwa vipandevipande kupitia mito ya Zambezi na Shire. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, chini ya kamanda Rhoades, iliikuta imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo ikaipiga mizinga. Inasimuliwa kwamba nahodha Mjerumani alitoka kwa mashua akipiga kelele, akamwuliza Rhoades, mwenziwe wa kunywa naye siku zote, kama amelewa. Hakuwa na habari kwamba vita vimetangazwa. Mwaka 1915 Waingereza walirudi kuimaliza kazi.

Ni kisa cha kuchekesha, na najua mwongoza watalii atakisimulia vizuri. Ila tazama nani wamo ndani yake: marafiki wawili wa chupa, Mwingereza na Mjerumani, na ziwa letu likiwa uwanja wao. Nani alibeba zile shehena za chuma pale mito isipopitika kwa maporomoko? Nani alibebeshwa risasi na unga katika vita vile mpaka vilipokwisha mwaka 1918? Na kabla ya hapo, watu waliovushwa ziwa hili kwa majahazi wakiwa watumwa, wakatembezwa hadi Kilwa, walipanda na kushuka kwenye fukwe hizihizi. Baadaye babu zetu na baba zetu waliondoka kwenda kukata mkonge Tanga kwa kuandikishwa na SILABU, wengine wakaenda migodi ya kusini kwa WENELA. Wapo waliorudi na baiskeli na blanketi. Wapo waliorudi na kikohozi tu. Hiyo ndiyo historia ya bandari zetu. Bandari kwetu imekuwa mahali pa kuondokea, na sioni kama historia ya namna hiyo inaponywa kwa kuuziwa tiketi.

Nisidhaniwe kwamba sioni yanayofanyika. Meli ya MV Mbeya II ilizinduliwa Januari 2021, abiria 200 na tani 200 za mizigo, na kwa hilo nashukuru bila kinyongo. Mbamba Bay barabara ya lami imefika kutoka Mbinga, na mwaka 2024 ujenzi wa bandari mpya ulianza. Kule Ndumbi, si mbali nasi, pamejengwa gati kwa ajili ya makaa ya mawe. Vyema. Lakini makaa ya mawe yalipohitaji kusafiri, hakuna aliyesimama kikaoni kusema tuanze na watalii, makaa yatafuata. Walifanya hesabu ya tani, wakajenga. Kwa nini basi tunapofika kwa mama wa usipa hesabu inageuka kuwa ndoto ya picha?

Najua jibu lao jingine. Watasema fedha ya mtalii ni ya haraka, gati la samaki ni la vizazi. Nakubali ni ya haraka. Inakuja asubuhi na jioni imeondoka. Abiria wa meli hizo amekwisha kulipia chakula na kitanda humohumo melini. Anashuka saa chache, ananunua kikapu, anarudi kula chakula alichokwisha kulipia. Hata wenye miji ile wameanza kuchoka: mwaka 2023 baraza la jiji la Amsterdam lilipiga kura kutaka meli za watalii ziondoke katikati ya jiji, na Bergen yenyewe imeweka kikomo cha meli na abiria kwa siku. Wao wanaweza kuchagua. Mtalii akikosekana kesho, Bergen itaendelea na samaki, mafuta na vyuo vyake. Mwambao unaotegemea picha tu, siku picha ikitoka katika mtindo utategemea nini?

Mwana wa kaka yangu si mtu wa kubishana kwa kelele. Alisikiliza, akafikiri, akaniuliza kwa utaratibu: basi wewe baba mdogo ungetaka nini, kama ungepewa kalamu? Nikamwambia. Gati la mawe Lituhi, refu kiasi cha meli kufunga kamba, mjamzito apande kwa miguu yake. Vichanja vya kuanikia usipa vyenye paa la kukunja. Ghala lenye sakafu ya saruji. Mzani wa serikali, mama asipunjwe na mchuuzi wa kutoka Songea. Na ubao wa ratiba ufukweni, wa mbao tu, wa kuandika kwa chaki siku na saa ya meli, na meli ikichelewa mtu aje aandike kwamba imechelewa.

Akanyamaza kidogo.

"Na choo, baba mdogo," akasema. "Watu wanalala pale siku mbili."

Nikaongeza choo.