Mtoto wa Boma Kambini

Fomu ya kambi yetu ya likizo ina mstari unaouliza tarehe ya ubatizo. Juni moja, mvulana wa boma la Wamasai lililo ng'ambo ya mfereji aliuacha wazi, na kikao cha walimu wa Shule ya Jumapili kikakwama hapo karibu saa nzima. Mmoja wetu alisema kambi ya Kanisa ni ya watoto wa Kanisa, basi. Mwingine akamtetea mtoto: apokelewe, kwani hiyo ndiyo nafasi ya kumbatiza, naye akirudi bomani atawavuta wadogo zake. Wakabishana kwa ukali. Mimi niliona wanasema jambo moja: mtoto huyu hana nafasi kambini mpaka awe wetu.

Kauli hiyo utaisikia sana hapa Idodi. Siikubali, nami naipinga nikiwa Mkristo.

Tuanze na upande wa kwanza, wenye hofu kwamba watoto wetu watavurugwa. Wamasai na Wabarabaigi wako katika bonde hili miaka mingi, Wasukuma wakafuata. Mwaka 2006 Serikali ilipoanza kuondoa mifugo katika bonde la Usangu kwa ajili ya kuuokoa mto Ruaha Mkuu, familia nyingi zilielekezwa Lindi na Pwani, nyingine zikatawanyika zilikoweza, hata huku kwetu. Watoto wa wafugaji hawa wanakaa dawati moja na wetu, wanachota maji mfereji mmoja. Kuna Waislamu pia, na wengi wetu tuna shangazi au mjomba anayefunga Ramadhani. Mwaka mzima wanachanganyika bila mwalimu wa dini kuwa karibu, halafu tunaogopa siku tano ambazo mwalimu yupo?

Mwishowe alipokelewa, na kambini mvulana yule hakufumba macho wakati wa sala. Alisimama na shuka lake begani, akiwatazama wenzake. Baadaye alimuuliza binti mmoja, kwa nia njema kabisa, "Ukifumba macho unamwona?" Binti akaja mbio kwangu na swali lile. Binti huyo alikuwa anasali tangu hajui kusoma, na sikuwahi kumsikia akiuliza anasali kwa nani na kwa nini. Jioni ile tulikaa chini ya mkwaju tukazungumza sala ni nini, na sikumbuki somo jingine la kambi lililosikilizwa hivyo. Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone walijua walichosema.

Upande wa pili unanisumbua zaidi, kwa sababu unavaa sura ya upendo. Kumpokea mtoto ili umbatize kabla wazazi wake hawajajua ni kumnyang'anya mtu mtoto. Nchi yetu ilishaonja matunda yake. Kabla ya Uhuru, na hata baada yake, wazazi wengi wa Kiislamu waliwaficha watoto wao wasiende shule za misheni, wakihofia wataondoka na jina moja na kurudi na jingine, na wako waliorudi hivyo kweli. Mtoto alikosa kusoma, jirani akabaki na kinyongo. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule nyingi za misheni mikononi mwa Serikali, na sababu mojawapo ilikuwa kufungua mlango kwa mtoto wa dini yoyote. Kinyongo hicho bado kinasikika katika mabishano yetu ya leo. Tukirudia mchezo ule kwa watoto wa wafugaji, tutakuwa tunapanda mbegu ileile katika shamba jipya.

Vincent Donovan, padre Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu aliyefanya kazi Loliondo, aliandika kitabu mwaka 1978 kuhusu miaka yake kwa Wamasai. Anasimulia jamii moja aliyoifundisha kwa muda mrefu. Mwishoni wazee walimwambia wamesikia, wameelewa, na hawataki. Akawaacha. Haki ile ya kusema hapana aliwapa watu wazima wenye mvi. Sisi tunataka kumnyima mtoto wa miaka kumi?

Na wazazi wenyewe wanaogopa nini? Tulidhani wanaogopa maji ya ubatizo. Mama wa mvulana alipokuja kumsindikiza, shanga zikimlia shingoni, aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, usiku analala na nani?" Mtu wa Idodi halioni swali hilo kuwa dogo. Agosti 2009 bweni la Shule ya Sekondari Idodi liliungua usiku, wasichana 12 wakafa. Tangu hapo mzazi wa hapa, awe na dini gani, akisikia mtoto atalala nje ya nyumba, moyo wake unakwenda kwenye mlango, dirisha na mshumaa kabla haujafika kwenye Biblia. Nilimpeleka mama yule ndani. Nilimwonyesha milango miwili isiyofungwa kwa kufuli, nikamwambia taa ni za sola, mshumaa hauingii, na walimu wawili wa kiume wanalala upande wa wavulana. Kisha nikamwambia bila kuficha: hapa tunaimba nyimbo za Yesu, tunasoma habari zake, mwanao atasikia, lakini hakuna atakayembatiza. Akatikisa kichwa kukubali, akaenda zake.

Mbuzi wa kambi siku hizi anachinjwa na jirani yetu Mwislamu, ili kila mtoto ale bila kuuliza. Jambo hilo halikuchukua hata dakika kumi kukubaliwa.

Desemba tunachapa fomu mpya. Nimeomba mstari wa tarehe ya ubatizo ufutwe, na mahali pake paandikwe: mzazi amekuja kuona mahali pa kulala? Kikao bado hakijaamua.