Piga ya Chopin, lakini piga na ya kwenu

Wewe mpiga kinanda wa Bumala, hebu nikuulize: harusi ya mwisho uliyopiga kule Malaba, ulipiga wimbo gani wa Kiteso? Hakuna, si ndio? Zote zilikuwa za Nairobi, Kampala na Lagos. Sikulaumu. Hata mimi nilipoacha chuo nikaanza kupiga harusini, nilifanya hivyo hivyo.

Sasa mtazame Girma Yifrashewa wa Ethiopia. Alianza na krar, kinubi cha kwao, akasomea piano Addis Ababa na baadaye Sofia, Bulgaria. Akienda kupiga ughaibuni, anachanganya Chopin na tungo zake zenye sauti za Ethiopia. Chopin anaonyesha vidole vinaweza. Zile zake zinasema yeye ni nani.

Harusi ijayo jaribu hivi: anza na wanazozijua. Ukumbi ukishapata moto, weka moja ya nyumbani, mkono wa kushoto ushike mdundo wa isukuti, wa kulia uimbe kama akogo. Halafu funga na wanayoipenda.

Vijana wakinuna, wacha wanune. Tazama meza ya nyanya. Akiinuka kucheza, umepata kazi nyingine.