Kopi iliyonyeshewa mvua

Mwezi huu naanza na jambo lililompata mama mmoja wa hapa kwetu. Alitakiwa apeleke kopi ya karatasi ya usajili wa familia, ile yenye majina ya watoto wote. Akaingia kibanda kimoja cha kopi hapa Nakaloke, akalipa, akaikunja kopi akaitia kwenye mfuko, akapanda boda kwenda Mbale. Mvua ya huku mnaijua, haina hodi. Alipofika dirishani na kuifungua, nambari zilikuwa zimegeuka doa la bluu. Karani akasema hawezi kusoma. Nauli imekwenda, siku imekwenda.

Jioni akaja kwangu na swali: “Mwalimu, mwenzangu tulikuwa naye boda moja, mvua ile ile, mbona kopi yake iko sawa?”

Swali zuri sana. Jibu ni kwamba kopi zao zilitoka kwenye mashine mbili tofauti, ingawa kwa macho zinafanana.

Mwenzake alipitia mashine kubwa ya unga. Aina hiyo ina asili yake kwa Mmarekani Chester Carlson, aliyefanya kazi ya hati za uvumbuzi akachoka kunakili kwa mkono. Tarehe 22 Oktoba 1938, katika chumba kidogo kule Astoria, New York, alifanikiwa kutoa kopi ya kwanza kwa umeme tuli na unga. Mpaka leo mashine hizo hunyunyiza unga mweusi, kisha huuyeyusha kwa moto ukashika karatasi. Maji hayauondoi.

Ya mama ilitoka kwenye mashine ndogo ya mezani, ile inayofanya kila kitu: inasoma karatasi, inatoa kopi, inachapa kutoka kwenye kompyuta. Hizi ndizo zimejaa vibandani siku hizi kwa sababu bei yake ni nafuu na zinatoa rangi. Hebu tuifungue kwa maneno.

Juu kuna kioo. Ukilaza karatasi na kufunika, utaona mwanga unatembea polepole chini yake. Huo ni mwamba mwembamba wenye taa na safu ya vijicho vidogo. Penye weupe mwanga unarudi mwingi, penye maandishi unarudi kidogo, na vijicho vinaandika kila kitu kwa nambari, mstari baada ya mstari. Kwa kipimo cha kawaida cha nukta 300 kwa kila inchi, karatasi moja ya A4 inakuwa nukta kama milioni 8.7. Kwa hiyo kabla kopi haijatoka, mashine tayari ina picha ya karatasi yako. Shikeni hilo, nitalirudia.

Chini kuna wino na kichwa cha kuchapa kinachokimbia kushoto na kulia. Kichwa hicho kina matundu mengi ambayo jicho haliyaoni. Mwaka 1977, huko Japani, mtafiti wa Canon aligusisha kwa bahati mbaya pasi ya kulehemu ya moto kwenye sindano yenye wino, na wino ukaruka. Hapo ndipo wazo lilipozaliwa: pasha wino moto ghafla, kiputo kinatokea, tone linarushwa kwenye karatasi. Epson wanatumia njia nyingine, kijidude kinachojikunja kwa umeme na kuusukuma wino bila moto. Matone yenyewe ni madogo ajabu. Kwa mashine nyingi, matone bilioni moja ndiyo yanakaribia kujaza kijiko cha chai.

Sasa tatizo. Wino huo sehemu kubwa ni maji. Kama rangi yake ni ya kuyeyuka, kama ile ya kutia kwenye nguo, ikilowa tena inatembea. Zipo mashine zenye wino mweusi wa chembechembe, huo hustahimili zaidi. Huwezi kujua kwa kutazama. Lowesha kidole, gusa pembeni ya kopi pasipo na maandishi muhimu, halafu subiri kidogo. Ukiona inapaka, itafutie mashine ya unga, au usiitoe nje bila kuifunika.

Lakini na ya unga ina visa vyake. Ukiiweka miezi mingi ndani ya plastiki laini, hasa mahali pa joto kama chini ya mabati, unga unaweza kung'ang'ania plastiki na herufi zikabanduka. Bahasha ya karatasi ni bora, kisha plastiki juu yake.

Tulirudie lile la picha. Kama mashine imeunganishwa na kompyuta, omba karatasi yako isomwe na ihifadhiwe kwenye flashi yako au itumwe kwenye barua pepe yako. Hiyo hailowi. Kisha, na hapa msione haya, simama pale mpaka aifute kwenye kompyuta yake. Karatasi ile ina picha yako, majina ya watoto, nambari ya familia. Mtu asiyekujua hana haja ya kubaki nayo. Na kabla hujaondoka inua kifuniko mwenyewe! Wengi hubeba kopi wakaiacha orijino kwenye kioo, wakaikumbuka usiku.

Vijana mnaofikiria kufungua kibanda: mashine ya wino haipendi kukaa bure. Wino hukauka kwenye matundu, na kuisafisha kunakula wino mwingine. Chapeni hata ukurasa mmoja kila wiki. Izimeni kwa kitufe chake, si kwa kuchomoa waya, maana ikizimwa kwa kitufe kichwa hurudi kwenye kifuniko chake. Umeme ukikatika katikati ya kazi, ukirudi tu iwasheni ijipange.

Mama yule alirudi Mbale wiki iliyofuata. Safari hii kopi ilikuwa ya unga, ndani ya bahasha, bahasha ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko chini ya kanga. Mvua haikunyesha hata tone. Karani aliipokea bila kuuliza lolote.