Mwamba ni wa Nani, na Hesabu ni ya Nani?

Wako wadhanio kwamba nchi ikisha kusema "mafuta ni yetu" kazi imekwisha. Sisi hatusemi hivyo. Tutazame Brazili.

Wananchi wa huko walipaza sauti hiyo hata kampuni ya taifa, Petrobras, ikaundwa mwaka 1953. Lakini utajiri wa mwaka 2006 ulikuwa chini ya bahari, na chini yake tena tabaka la chumvi lenye unene wa kama kilomita mbili. Mwamba ulioyashika mafuta hayo ni wa chokaa, uliofanyika ziwani zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita.

Na chokaa haitulii. Maji yenye kaboni dayoksaidi huila yakaacha matundu. Maji hayo hayo, hali ikibadilika, huiacha mahali pengine na kuyaziba. Yakileta magnesi, chokaa hugeuka dolomaiti, na kama chokaa yote ya dolomaiti hiyo ni ya jiwe lenyewe, jiwe hupungua kama sehemu 13 katika 100. Hapo ndipo mafuta hupata nafasi. Lakini dolomaiti ikizidi kuletwa, nafasi hujaa tena. Ndiyo maana kisima kimoja humwaga mafuta na jirani yake hakitoi kitu.

Basi wataalamu huugawa mwamba katika vyumba vidogo vidogo ndani ya kompyuta, na kila chumba hupigiwa hesabu: maji gani yameingia, joto gani, kiasi gani kimeyeyuka, kiasi gani kimeganda. Programu moja ya hesabu hizo za kemia, PHREEQC ya idara ya jiolojia ya Marekani, hutolewa bure.

Kwa hiyo shida si programu. Shida ni vipande vya mwamba vilivyotolewa kisimani, na vipimo vya maji yake. Ukikisia vibaya ukubwa wa uso wa jiwe uguswao na maji, jibu laweza kukosea mara mia, na picha ya rangi ikabaki nzuri vile vile! Brazili wana kituo chao cha uchunguzi, CENPES, mjini Rio de Janeiro, mgeni akileta picha yake, wako wenyeji wa kumwuliza, "Umekisia nini hapa?"

Hatumchukii mgeni mwenye maarifa. Twasema tu kwamba mkataba wa mafuta usioandika kuwa vipande, vipimo na hesabu zote vitabaki kwa wenye nchi, na kwamba vijana wao wataketi mbele ya kompyuta hizo tangu siku ya kwanza, usitiwe sahihi.